Umeme ukikatika, hesabu ya likelemba inabaki wapi?

Toka Mangobo mpaka Kabondo, vikundi vya likelemba ni vingi hapa Kisangani. Kila mtu anatoa kiasi kilekile, na mmoja kwa zamu anabeba jumla yote. Sasa kuna vijana waliosoma kidogo informatiki wanaotengeneza programu ndogo za kuchunga hesabu hiyo, badala ya kaye. Ni kazi nzuri. Lakini tuseme kijana ameandikisha malipo ya mama ishirini, umeme unakatika, na akiwasha tena kompyuta programu inafunguka ikiwa tupu. Nani alilipa? Nani amekwisha kubeba? Hapo ugomvi unaanza.

Kompyuta iko na pahali pawili pa kuweka vitu. Memori ya kazi, ile wanaita RAM, ina mbio sana, lakini inaishi kwa umeme tu. Diski yenyewe inabakiza kitu hata mashini ikizimwa. Programu inapofanya kazi, majina na faranga vyote viko katika RAM; hata ukiifunga vizuri, bila umeme kukatika, vinapotea, isipokuwa programu imeambiwa iviandike kwenye diski. Na kwetu umeme unaenda bila kuaga. Kituo cha mto Tshopo kilijengwa miaka ya 1950, kina turbini tatu, na mara nyingi si zote zinazozunguka.

Njia nyepesi ni faili ya maandishi matupu. Kila malipo yanachukua mstari mmoja, hivi:

2024-03-12;Béatrice;5000

Kwa nini nukta-mkato na si mkato? Juu ya desturi ya Kifaransa: sisi tunaandika 2,50, na mkato huo ungekata hesabu katikati. Programu ikianza, inasoma faili mstari kwa mstari na kurudisha kila kitu katika RAM.

Katika Python, lugha ambayo wanaoanza wengi wanaitumia, faili inafunguliwa kwa herufi moja inayosema unataka nini. Herufi r ni kusoma. Herufi a ni kuongeza chini ya yale yaliyopo. Herufi w, angalia sana: inafuta faili nzima wakati uleule inapofunguliwa, hata kabla hujaandika neno. Kwa malipo mapya, tumia a.

Kisha funga faili baada ya kila malipo. Maandishi hayaendi diskini papo hapo. Yanangoja kwanza katika memori, na umeme ukienda yakiwa bado yanangoja, yamekwenda nayo. Kungoja mwisho wa siku ndiyo uhifadhi ni kucheza bahati.

Kile kinachotoka katika faili ni maandishi, si hesabu. 5000 ukijumlisha na 5000 bila kuvigeuza kwanza kuwa namba, Python inakupa 50005000. Mweka hazina angefurahi, lakini si kweli. Na majina yetu yenye alama za Kifaransa yanahitaji uandike wazi utf-8 wakati wa kuandika na wakati wa kusoma, la sivyo Béatrice anaweza kurudi akiwa BÃ©atrice, na programu itamhesabu kama mtu mwingine.

Ukitaka kusahihisha mstari wa zamani, usiandike juu ya faili yenyewe. Andika yote katika faili mpya, uifunge, halafu ndiyo uibadilishe na ya zamani. Umeme ukikatika katikati, ya zamani ingali nzima.

Faili hii inafunguka katika programu yoyote ya maandishi, hata miaka kumi baadaye. Ndiyo nguvu yake, na ndiyo hatari yake: mtu yeyote mwenye kushika mashini anaweza kuongeza sifuri moja na hakuna atakayeona. Ndiyo sababu kaye isitupwe. Kila mmoja atie sahihi yake mbele ya malipo yake, na kila mkutano faili isomwe kwa sauti huku mwingine akifuata kwenye kaye.

Nakala ya faili iwekwe kwenye flashi, na flashi ikae kwa mwanamemba mwingine, hata Lubunga ng'ambo ya mto. Kila mwezi ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine, kuona kama inasomeka.