Kocha wa Kwanza ni Mwalimu

Wilayani Kilosa, kuanzia Ilonga kwenye chuo cha ualimu hadi Mikumi, kocha wa kwanza wa mtoto ni mwalimu mwenye filimbi. Je, mwalimu huyo anaweza kufika ligi kuu? Mkoani mwake wapo Mtibwa Sugar, mabingwa wa Tanzania Bara 1999 na 2000. Usomi nao si kikwazo: Dakta Mshindo Msolla, mtaalamu wa kilimo, aliinoa Taifa Stars kabla ya Mbrazili Marcio Maximo kukabidhiwa timu mwaka 2006.

Ila mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilisimamisha UMITASHUMTA na UMISSETA. Tukawalilia wachezaji, mwalimu tukamsahau. Bila mashindano, viongozi wa klabu wangemwona wapi? Michezo ilirudishwa baadaye, yeye ameshazoea kusahihisha madaftari jioni.