Kikoa, Upatu na Chama: Maneno Yatuelezayo Umoja wa Wachuuzi

Mtu atakaye kuandika historia ya biashara ya wenyeji wa Afrika ya Mashariki hukimbilia kwanza makabati ya nyaraka. Humo atakuta leseni, hesabu za ushuru, katiba za vyama vilivyoandikishwa, na barua za mabwana shauri. Asipokuta chama cha wachuuzi, hukata shauri upesi kwamba wachuuzi hawakuwa na umoja: kila mmoja alikaa na kapu lake, akauza, akafilisika, akasahauliwa. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba shauri hilo si la haki. Umoja ulikuwapo, ila ulikuwa wa namna isiyoacha karatasi. Haukuwa na nyumba, wala karani, wala ada ya kiingilio. Alama zake zimebaki katika maneno.

Tuanze na neno kikoa. Kamusi ya Johnson, iliyotoka mwaka wa 1939, yaeleza kuwa kikoa ni chakula kiliwacho na watu pamoja, kila mmoja wao akikitoa kwa zamu yake. Twaona hapa mambo matatu: kundi la watu wanaojuana, mchango wa kila mmoja, na zamu. Hapana tajiri anayewalisha wengine, wala maskini anayelishwa kwa hisani. Aliyekula jana kwa mwenziwe atamlisha leo. Neno bia nalo lina maana iliyo karibu na hiyo, kwani wasemaji husema kula bia kama wasemavyo kula kikoa. Na katika bia ndimo tunamopata ubia, neno la biashara lililo rasmi kabisa. Basi njia itokayo kwenye sinia la chakula hata kwenye mali ya ushirika si ndefu katika lugha yetu.

Upatu watuongoza mbele zaidi. Neno hili lina maana mbili: ni sahani ya shaba ipigwayo ngomani, na ni desturi ya watu kuchanga fedha kwa vipindi na kumpa mmoja wao fungu lote kwa zamu. Desturi hiyo huitwa pia mchezo, na anayekusanya fedha huitwa kijumbe. Tazama vitenzi: kikoa huliwa, upatu huchezwa. Lugha haikuuweka umoja huu pamoja na maneno ya mahakama na mikataba. Imeuweka pamoja na chakula, ngoma na mchezo, yaani mahali ambapo aibu ya kukosa ahadi ni kali kuliko faini. Hata kijumbe si mkurugenzi wala mwenyekiti. Ni mjumbe mdogo tu, na kiambishi chake cha udogo chatuambia kadiri ya mamlaka yake.

Kwa ajili ya msomaji asiyeuzoea mchezo huu, tuchukue mfano wa wanawake kumi wauzao vyakula katika soko moja. Kila jioni kila mmoja hutoa shilingi 2,000, na mmoja wao hupokea shilingi 20,000. Baada ya siku kumi kila mmoja ametoa 20,000 na kupokea 20,000. Hapana faida iliyozaliwa wala senti iliyopotea. Mtu asiyejua biashara atauliza: basi wamepata nini? Jibu ni kwamba wa kwanza amekopeshwa na wenziwe tisa bila riba wala rehani. Wa mwisho ameweka akiba ambayo peke yake asingeiweza, kwa kuwa nyumbani fedha haikosi mwombaji. Na wote wamepata fungu la kununulia gunia zima badala ya kununua kwa vibaba, ambavyo bei yake ni ghali siku zote. Mgeni hupewa zamu ya mwisho ili uaminifu wake ujulikane kwanza, na mwenye kufiwa au kuuguliwa huombewa kutangulizwa. Kanuni hizo hazikuandikwa popote, wala hapana asiyezijua.

Lakini fedha si jambo la pekee litolewalo katika mchezo, wala pengine si kubwa kuliko yote. Wachangao hukutana, na wakikutana huzungumza. Hapo hujulikana ni nani mwenye mchele mzuri kwa bei nafuu, ni mnunuzi gani asiyelipa, na ni lini maofisa wa soko watapita. Anayeuza vitumbua humwelekeza mteja wake kwa jirani auzaye chai. Mambo kama haya mfanyabiashara mkubwa huyatafuta kwa gharama. Mchuuzi huyapata kwa kukaa mkekani na wenziwe. Wala kundi likichoka halihitaji kuvunjwa kwa sheria: duru humalizika, na atakaye huingia katika duru nyingine.

Sasa tuulize kwa nini umoja wa namna hii ulidumu. Sehemu moja ya jibu imo katika sheria za serikali ya kikoloni. Katika Tanganyika, sheria ya mwaka wa 1931 iliyozuia Waafrika kukopeshwa ilifanya deni la Mwafrika lisidaiwe mahakamani isipokuwa kwa kibali. Ilielezwa kuwa ni kinga kwake. Lakini ilimfungia mlango, kwani ni mwenye ghala gani atakayemkopesha mtu asiyeweza kumshtaki? Mwaka uliofuata ilitungwa sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka wa 1933 ukaundwa ule muungano wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ujulikanao kwa herufi KNCU. Vyama hivyo vilifaa zao moja lililouzwa kwa wingi na kwa msimu. Mwenye duka dogo mjini, au mama mwenye sufuria yake, hakuwa na zao wala msimu. Alikuwa na siku ya leo na mtaji wa leo. Benki ilikuwa mbali naye, na mkopo umekatazwa, yalimbakia majirani.

Hata hivyo wapo waliojaribu njia ya chama chenye jina na katiba. Mwaka wa 1934 wenye maduka Waafrika wa Dar es Salaam waliunda chama chao cha biashara, na kiongozi wao alikuwa Erica Fiah, Mganda aliyekuwa na duka katika mji huo. Baadaye shughuli za chama zilipanuka zikaingia katika ustawi wa watu, na jina lake likageuzwa ili lichukue biashara na ustawi pamoja. Mwezi wa Novemba 1937 Fiah alianzisha gazeti la Kwetu, lililoendelea kutoka hata mwaka wa 1951. Gazeti hilo ni kumbukumbu adhimu, nasi tunalo deni kwake, maana kwa njia yake wenye maduka waliweza kuiambia serikali kero zao waziwazi. Walakini chama kilichopata sauti kilipata pia mizigo ya sauti: kupigania uongozi, kushindana na vyama vingine, na kuandamwa na jicho la serikali. Chama kilififia, upatu wa mitaani haukufifia. Sisemi kwamba Fiah alikosea. Nasema kwamba vitu hivi viwili vilikuwa na kazi mbalimbali, na mwanahistoria akiona kimoja tu ameona nusu ya mji.

Wataalamu wa nchi nyingine wameliona jambo hili. Mwaka wa 1962 Clifford Geertz, aliyechunguza desturi kama hii katika Java, ambako huitwa arisan, aliifananisha na kipago cha katikati cha ngazi: watu hukikanyaga wakitoka katika uchumi wa ukulima kuelekea uchumi wa biashara, na wakifika juu huacha kukihitaji. Miaka miwili baadaye Shirley Ardener, baada ya kulinganisha desturi hizo katika nchi nyingi, aliona kwamba hazielekei kutoweka kwa sababu tu benki zimekuja. Historia ya kwetu yampa Ardener haki. Benki zimekuja, na tangu mwaka wa 2007 katika Kenya, na 2008 katika Tanzania, hata simu ya mkononi hupeleka fedha kwa M-Pesa. Na mchezo bado huchezwa, ila baadhi ya michango hupita simuni.

Ushahidi wa mwisho nautoa tena katika lugha. Mtindo wa vikundi vya kuweka na kukopa ulioanzia Niger mwaka wa 1991 kwa kazi ya shirika la CARE uliingia Tanzania ukapewa jina la VICOBA, ambalo ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya benki za jamii za vijijini. Wasemaji hawakuungoja ufasiri. Waliisikia silabi ya kwanza kuwa kiambishi cha wingi, wakaunda umoja wake, kikoba. Na kikoba katika Kiswahili ni neno la zamani, mkoba mdogo wa kutilia vitu. Kilichokuja kama mradi kikapokewa kama mfuko uliokuwa tayari begani.

Jambo hili si la wapenzi wa maneno peke yao. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka wa 2018 imeviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne na kuvitaka viandikishwe. Kuandikishwa kwaweza kumlinda mwanachama asidhulumiwe, na waliowahi kutorokwa na kijumbe hawatalibeza hilo. Lakini anayetunga kanuni akidhani kwamba nje ya daftari hapana ila fujo, atawatwika watu wa kikoa mzigo wa chama, na wepesi uliowawezesha kudumu utawatoka. Naye mwanafunzi wa historia namwomba hivi: kabla hajaandika kwamba wachuuzi wa mji fulani hawakuwa na umoja, na aende sokoni jioni, asikilize vitenzi.