Barua kupitia Kilosa: tarishi, treni na seva

Kilosa ilikuwa kituo cha kupokezana barua kabla treni haijafika. Wakati wa utawala wa Wajerumani, matarishi walibeba mifuko ya barua kwa miguu kutoka pwani kuelekea Mpwapwa na Tabora, wakiachiana zamu njiani. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Ilipopita Kilosa, mifuko hiyo ikahamia behewani. Miaka ya 1960 reli ya tawi ilitoka Kilosa, ikapita Mikumi hadi Kidatu.

Barua hizo hazikuletwa mlangoni. Zilisubiri kwenye sanduku la posta. Asiye na sanduku aliandikiwa kwa kupitia S.L.P. ya shule, misheni au ofisi, na mwenye sanduku ndiye aliyeamua atawapokelea akina nani.

Barua pepe ilipoingia Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990, nayo ilikwenda kwa kupokezana. Katika mtandao wa FidoNet, ulioasisiwa Marekani na Tom Jennings mwaka 1984, kompyuta ilikusanya barua za siku nzima, kisha ikapiga simu kwa modemu na kuzituma kwa mkupuo. Barua nyingi za Afrika zilipitia GreenNet ya London ndipo zikaingia kwenye intaneti.

Intaneti yenyewe ilikuwa na kanuni zake za kupeana barua, SMTP, zilizoandikwa na Jon Postel mwaka 1982. Seva inayotuma hujitambulisha, hutaja mtumaji, kisha mpokeaji. Jibu la 250 maana yake amekubaliwa. Namba inayoanza na 4 humaanisha ijaribu tena baadaye, na barua hukaa kwenye foleni, kwa kawaida hadi siku nne au tano. Inayoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja. Tangu mwaka 1986, rekodi za MX ndizo zinazoonyesha seva ipi hupokea barua za kikoa fulani.

Mwanzoni seva nyingi zilipitisha barua ya yeyote kwenda kokote. Miaka ya 1990 wauzaji wa barua taka waliutumia ukarimu huo: walitupa ujumbe mmoja wenye maelfu ya anwani kwenye seva ya mtu mwingine, naye akabeba gharama na lawama. Seva zilizoacha mlango wazi zikaorodheshwa na barua zake zikakataliwa, hata zile halali.

Ndipo mipangilio ikabanwa. Msimamizi huandika vikoa ambavyo seva yake huvipokelea na kompyuta zinazoruhusiwa kutuma kupitia kwake. Wengine hupata jibu la 550. Mwaka 1998 mlango wa mtandao (port) namba 587 ulitengwa kwa watumiaji wanaotuma barua zao, nao siku hizi hudaiwa nywila, huku namba 25 ikibaki ya seva kwa seva.

Leo Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa ina kikoa chake, kilosadc.go.tz. Seva ya kikoa cha namna hiyo hupokea barua ya mgeni yeyote iliyoandikiwa mtumishi wa halmashauri, lakini hukataa kumpelekea mgeni huyo barua Nairobi au Muscat. Mtumishi aliyeko Mikumi akiingiza nywila yake, barua yake hupitishwa kokote.