Ukumbi wa Kaloleni na Ramani Yake

Mtaa wa Kaloleni jijini Nairobi, kando ya Barabara ya Jogoo na jirani na Makongeni iliyojengewa wafanyakazi wa reli, haujawahi kuwa mkubwa, na ukumbi wake ni jengo ambalo mpita njia hulipita bila kugeuka. Historia ya jengo hilo imo katika ramani ya mtaa. Awali watawala wa kikoloni walimhesabu Mwafrika wa Nairobi kama mikono ya kazi tu: mtaa wa Kariokor wa mwaka 1929 ulikuwa mabweni ya wanaume, familia zikiachwa mashambani. Kaloleni, iliyojengwa katikati ya miaka ya 1940, wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakitumiwa kwenye ujenzi, ilikuwa na nia nyingine. Nyumba za mawe zilizunguka viwanja vya nyasi, na katikati ukawekwa ukumbi. Alitakiwa mfanyakazi aliyetulia, mwenye mke na watoto karibu. Lakini aliyetulia ana jioni za kuzungumza na majirani, na serikali yenyewe ilishamjengea baraza.

Tarehe 23 Aprili 1950, vyama vya Kenya African Union na East African Indian National Congress vilikutana ukumbini humo, naye Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akapendekeza azimio la kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata yeye na kiongozi mwenzake Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Mtu aweza kupinga kwamba siasa hizo hazikuzaliwa Kaloleni: ofisi za vyama vya wafanyakazi zilikuwa Kiburi House, Grogan Road, na Singh, akiwa Mhindi, hangeweza kupangishwa mtaani humo, maana makazi yaligawanywa kwa rangi. Ni kweli, na wanaouita ukumbi huu chimbuko la uhuru wanatia chumvi. Hata hivyo, ofisi huweza kuandika azimio, si kulifikisha kwa umma. Kwa hilo palihitajika nafasi ya watu wengi, katikati ya mitaa walimolala wafanyakazi, wafike kwa miguu baada ya kazi. Ndiyo maana, katika mipango ya leo ya kuvunja mitaa ya kale ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi iliko Kaloleni, na kuinua maghorofa, kuhifadhi kuta za ukumbi na kuuza viwanja vinavyouzunguka ni kuhifadhi nusu isiyoeleza lolote.