Rangi Iliyokatazwa Mdomoni, Ikaachwa Kwenye Keki

Leo tuitazame rangi moja ambayo serikali ya Marekani iliikataza kwenye vipodozi, lakini ikaiacha kwenye chakula kwa karibu miaka 35.

Rangi hiyo ni eritrosini, nyekundu iliyokoza, ambayo Wamarekani huiita Red 3. Imetiwa sana kwenye pipi, keki na cheri za kupambia.

Mwaka 1950 watoto wengi wa Marekani waliugua kwa kula pipi za Halloween zenye rangi ya chungwa iliyoitwa Orange 1. Miaka kumi baadaye, mwaka 1960, ikapitishwa sheria mpya ya rangi. Anayetaka kutia rangi ndiye athibitishe kuwa ni salama, na rangi inayoonekana kuleta saratani kwa binadamu au mnyama isiruhusiwe. Kifungu hicho cha saratani kinaitwa kwa jina la mbunge James Delaney.

Ila kila matumizi yalikuwa na idhini yake. Mwaka 1969 Red 3 ilipata idhini ya kudumu kwenye chakula, huku kwenye vipodozi ikibaki na idhini ya muda. Baadaye panya dume waliolishwa rangi hiyo kwa wingi wakapata saratani ya tezi ya shingo. Mwaka 1990 idhini ya muda ikafutwa. Ile ya kudumu ilihitaji utaratibu mwingine wa kisheria, nao haukukamilishwa. Basi bibi harusi wa huko hakuruhusiwa kuuziwa rangi ya mdomo yenye Red 3, lakini keki yake iliweza kuwa nayo.

Mwaka 2022 watetezi wa walaji waliwasilisha ombi rasmi, na Januari 2025 idhini ya chakula ikafutwa. Watengenezaji wamepewa hadi Januari 2027. Mamlaka yenyewe ilisema madhara ya panya hao hayajaonekana kwa binadamu, kwa hiyo tusitishane.

Lakini sisi tumeamrishwa kula kilicho halali na kizuri, na ruhusa ya serikali peke yake inaweza kuchelewa. Unapoagiza keki ya harusi, mwombe mpishi akuonyeshe kichupa cha rangi. Ukiona Red 3, E127 au erythrosine, ni rangi hiyo hiyo. Uamuzi ni wako.