Fahamu hesabu ya omu kabla ya kuongeza spika kwenye amplifaya

Na Mwandishi Wetu

WAMILIKI wengi wa vyombo vya muziki huamini kuwa spika zikiongezwa ukumbini, kinachoongezeka ni sauti pekee. Ukweli ni kwamba kila kasha la spika linaloongezwa hubadilisha mzigo unaobebwa na amplifaya, na mzigo huo ukizidi kiwango, chombo huweza kuungua shughuli ikiwa katikati.

Mzigo huo hupimwa kwa omu, yaani kiasi cha ukinzani ambacho spika huuwekea mkondo wa umeme. Spika nyingi huwa na omu 4, 8 au 16, na namba hiyo huandikwa nyuma ya spika au ya kasha lake. Nyuma ya amplifaya nako huandikwa kiwango cha chini cha omu inachoweza kuhimili.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba omu zikipungua, mzigo huongezeka. Amplifaya ikitoa volti 20 kwenye spika ya omu 8, mkondo huwa ampea 2.5, sawa na wati 50. Kwa omu 4, volti hizo hizo husukuma ampea 5, sawa na wati 100, na kwa omu 2 mkondo hufika ampea 10. Mkondo ukikua, joto ndani ya transista nalo hukua.

Njia mbili za kuunganisha

Njia ya kwanza ni ya mfululizo, ambapo hasi ya spika moja huungwa kwenye chanya ya spika inayofuata. Hapo omu hujumlishwa: spika mbili za omu 8 huwa omu 16. Amplifaya ya transista haidhuriki kwa hali hiyo, ila nguvu ya sauti hupungua.

Njia ya pili ni sambamba, ambapo chanya zote huungwa pamoja na hasi zote pamoja. Spika mbili za omu 8 huwa omu 4, na nne huwa omu 2.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Waya unaotoka kasha moja kwenda jingine huonekana kwa macho kuwa ni mfululizo, lakini matundu mawili yaliyo nyuma ya makasha mengi yameungwa sambamba kwa ndani. Anayeunga makasha manne ya omu 8 kwa mtindo huo huipa omu 2 amplifaya ambayo pengine imetengenezwa kuhimili omu 4.

Spika nne za omu 8 zinaweza kubaki omu 8 iwapo zitaungwa mbili mbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo mbili zikaungwa sambamba.

Kwa spika zisizolingana zilizo sambamba, zidisha omu zake kisha gawa kwa jumla yake. Omu 8 na 4 hutoa takriban 2.7, na spika ya omu 4 hubeba wati mara mbili ya mwenzake.

Tahadhari

Chaneli mbili za amplifaya zinapounganishwa kuwa moja, kila chaneli hubeba nusu ya omu za spika. Amplifaya ya omu 4 kwa kila chaneli huhitaji basi spika isiyopungua omu 8.

Amplifaya za valvu zenye transfoma ya kutolea sauti huhitaji spika yenye omu zilezile zilizoandikwa kwenye tundu, na kamwe zisipigishwe muziki bila spika.

Kabla ya shughuli, zima amplifaya, chomoa waya wa spika na upime kwa mita. Kasha la omu 8 kwa kawaida husoma kama omu 6, jambo ambalo si hitilafu. Namba ikikaribia sifuri, kuna waya zilizogusana. Hakikisha pia chanya na hasi hazikupishana, kwani spika zikivutana kinyume, besi hufifia.