Jirani Mwema Hupatana Mapema

Nyumba ya nyasi inaposhika moto kijijini wakati wa kiangazi, hakuna anayengoja kuitwa. Mmoja anapiga kelele, wengine wanaacha chakula chunguni na kukimbia na ndoo na matawi mabichi. Hakuna anayeuliza nani atamlipa, wala nani mkubwa wa kazi. Moto ukizimika, kila mtu anarudi kwake, na mwenye nyumba anatoa asante. Hivyo ndivyo wazee wetu walivyotuzoeza, nao walifanya vema.

Lakini msiba ukiwa mkubwa kuliko kijiji, itakuwaje? Mji mzima ukiwaka, au maji yakifunika mitaa yote, hapo hawana budi kuitwa watu wa mji mwingine, pengine hata wa nchi nyingine: wazimamoto, madaktari, wauguzi, askari, na watu wanaojua kupanga kambi na kugawa vyakula. Nao wakifika, maswali matano yanafika pamoja nao. Je, vyombo vyao vitaungana na vyetu? Nani atawaamuru? Cheti cha daktari wao kitakubaliwa huku? Nani atalipa mishahara na safari? Na mmoja wao akiumia au akifa kazini, nani atamtunza mjane na watoto?

Tulipokuwa seminarini tulifundishwa historia ya wafalme na ya vita. Historia ya ndoo na mipira ya maji hatukufundishwa. Hata hivyo, historia hiyo nayo ina mafundisho yake, na wenzetu wa Amerika ya Kaskazini waliyalipia kwa gharama kubwa. Tuitazame kwa ufupi.

Tuanze na mji wa Baltimore, katika Marekani. Tarehe 7 Februari 1904, siku ya Dominika, kabla ya saa sita mchana, moto ulianza katika ghala moja la nguo katikati ya mji. Upepo ulikuwa mkali. Wazimamoto wa mji waliona mara moja kwamba kazi imewashinda, wakapeleka simu kuomba msaada. Wenzao hawakukawia. Watu wa Washington walipakia injini zao za moshi katika gari la moshi, wakafika siku ile ile. Wakafuata watu wa Philadelphia, wa New York na wa miji mingine. Mwishoni walikuwapo wazimamoto zaidi ya 1,200.

Basi, wageni wakashuka na mipira yao ya maji, wakaikimbiza kwenye mabomba ya barabarani. Loo! Vichwa vya mipira vingi havikuingia. Kila mji ulikuwa umenunua viungo vya kipimo chake, na mikato yake ya skrubu haikulingana na ya mji mwingine. Wale waliotoka mbali na kuacha miji yao wenyewe walisimama mbele ya moto na mipira mikononi, na maji yalikuwapo, lakini mpira na bomba havikushikana. Wengine walijaribu kufunga kwa vitambaa, maji yakavuja kando. Moto uliendelea kwa saa 30 hivi. Ulizuiliwa karibu na mto mdogo uitwao Jones Falls, ambapo injini ziliweza kuvuta maji mtoni penyewe, bila kutegemea mabomba ya mji. Nyumba zaidi ya 1,500 ziliteketea, na watu wapatao 35,000 walibaki bila kazi.

Tufikiri kidogo. Kosa lilikuwa wapi? Upendo haukupungua. Nguvu hazikupungua. Hata maji hayakupungua. Kilichopungua ni kipande cha shaba chenye kipimo kimoja, kitu ambacho watu wa miji ile wangeweza kupatana juu yake miaka mingi mbele, wakiwa wamekaa kitini, bila moshi machoni.

Baada ya msiba huo ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia vipimo ilichunguza jambo hilo, ikaona kwamba nchini mwote mlikuwa na namna zaidi ya 600 za viungo vya mipira. Mwaka 1905 chama cha wataalamu wa moto kilitangaza kipimo kimoja kwa nchi nzima. Lakini kutangaza ni kazi ya siku moja, na kutii ni kazi ya vizazi. Kubadili mabomba kulihitaji fedha, na kila mji ulidhani kwamba msiba wa Baltimore ni wa Baltimore tu. Hata miaka 100 baadaye, miji mikubwa mingi ilikuwa haijafuata kipimo hicho.

Sasa tupande kaskazini mpaka Halifax, bandari ya Kanada. Tarehe 6 Desemba 1917, wakati wa vita kuu ya kwanza, meli mbili ziligongana bandarini. Moja, jina lake Mont-Blanc, ilikuwa imejaa baruti na vitu vingine vya kulipuka. Ikashika moto, ikalipuka. Watu karibu 2,000 walikufa, na wapatao 9,000 waliumia. Wengi waliumizwa macho na vioo, maana walikuwa madirishani wakitazama meli inayoungua.

Habari ilifika Boston, katika jimbo la Massachusetts, ng'ambo ya mpaka. (Tunaposema jimbo hapa, ni jimbo la serikali yenye gavana wake na sheria zake, si jimbo la askofu.) Usiku ule ule gari la moshi liliondoka Boston na madaktari, wauguzi, dawa na watu wa kuongoza kazi, hali hawajajua bado ukubwa wa msiba. Theluji nyingi iliziba njia, lakini tarehe 8 asubuhi walifika. Namna gani waliweza kuondoka haraka hivyo? Kwa sababu miezi michache mbele, walipoona vita inakaribia, gavana wa Massachusetts alikuwa ameunda halmashauri ya usalama wa watu. Majina yalikuwa yamekwisha kuandikwa, na kazi zilikuwa zimekwisha kugawanywa. Siku ya msiba walipiga kengele tu.

Tena, walipofika hawakuingia kama mabwana. Kiongozi wao, Abraham Ratshesky, alikwenda kwanza kwa wakubwa wa Halifax, akafanya shauri nao, halafu watu wake wakafungua hospitali katika nyumba waliyoonyeshwa. Watu wa Nova Scotia hawakusahau. Tangu mwaka 1971, kila mwaka wanapeleka Boston mti mkubwa wa Noeli kuwa shukrani. Wengi wanaoutazama mti huo hawakuwa wamezaliwa siku ya mlipuko, wala baba zao.

Mtu atasema: hayo ni ya zamani, leo watu wamekwisha kuelimika. Hapana. Tazameni Oakland, mji wa California. Jimbo hilo lilikuwa na mapatano ya kusaidiana kati ya miji yake tangu mwaka 1950, yameandikwa na kutiwa sahihi. Tarehe 20 Oktoba 1991, siku ya Dominika tena, moto ulishuka kutoka vilimani kwa upepo mkali. Wazimamoto wa miji jirani walikuja kwa mamia. Na mabomba ya Oakland? Yalikuwa na tundu la inchi tatu, hali mipira ya wageni ilikuwa ya inchi mbili na nusu. Viungo vya kusaidia kuunganisha vilikuwapo, lakini havikutosha. Redio nazo zilijaa sauti za watu wengi hata hawakusikilizana. Watu 25 walikufa, na makao zaidi ya 3,000 yaliungua. Miaka 87 ilikuwa imepita tangu Baltimore! Karatasi ilikuwa imetiwa sahihi, lakini chuma hakikupatana. Baada ya hapo bunge la California lilitunga sheria ya kuwaongoza watu wa msaada wote wa jimbo kufuata utaratibu mmoja na kutumia maneno yale yale ya kazi.

Mwaka uliofuata, tarehe 24 Agosti 1992, tufani kubwa iliyopewa jina la Andrew ilipiga kusini ya Florida. Nyumba zaidi ya 25,000 zilibomoka kabisa. Msaada wa serikali kuu ulichelewa, na watu wakalalamika sana. Hapo Lawton Chiles, gavana wa Florida, na magavana wenzake wa majimbo ya kusini walisema: mbona tunangoja mji mkuu, na jirani yetu yuko hapa karibu? Mwaka 1993 wakafanya mapatano ya kuazimana watu. Baadaye wakafungulia mlango majimbo yote, na mwaka 1996 bunge la nchi likayakubali kwa sheria. Leo majimbo yote 50 yamo ndani yake.

Mapatano hayo si marefu, lakini yanajibu maswali yetu karibu yote. Nani atawaamuru wageni? Kazi itapangwa na wakubwa wa jimbo lililoomba, lakini kila kikosi kitabaki na viongozi wake kiliotoka nao. Cheti cha daktari au muuguzi? Kilichotolewa kwao kitahesabiwa kuwa kimetolewa huku, kwa muda wa msiba. Nani atalipa? Aliyeomba atamrudishia aliyetoa, isipokuwa mwenye kutoa akipenda kusamehe. Na mtu akiumia au akifa? Jimbo lake mwenyewe litamtunza yeye na jamaa yake kama vile ameumia nyumbani. Tena limewekwa neno moja la busara: hakuna jimbo linalolazimishwa kutoa watu wote hata likabaki uchi mbele ya hatari yake. Ombi laweza kutolewa kwa mdomo, maana msiba haungoji karani, lakini lazima liandikwe kabla ya siku 30 kupita.

Mapatano hayo yalipimwa kwa nguvu tarehe 29 Agosti 2005, tufani Katrina ilipovunja kingo za maji za New Orleans na sehemu kubwa ya mji ikazama. Kwa msiba huo na tufani Rita iliyofuata, watu wapatao 66,000 walipelekwa na majimbo mengine, wengi wao askari wa akiba. Hatusemi kwamba yote yalikwenda sawa. Watu waliteseka sana wakingoja kuokolewa, na baadhi ya majimbo yalikaa muda mrefu yakidai fedha zao. Lakini hakuna aliyehitaji kukaa mezani wiki mbili kubishana juu ya vyeti na fidia wakati watu wamekaa juu ya mapaa. Maneno hayo yalikuwa yamekwisha kusemwa siku ya jua.

Sisi wa Kongo tusidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Mwezi wa Mei 2018 ugonjwa wa Ebola ulipotokea Bikoro na kufika Mbandaka, kati ya waliokuja kusaidia walikuwamo Waafrika wenzetu kutoka Guinea. Nchi yao ilikuwa imepoteza watu zaidi ya 2,500 kwa ugonjwa huo, na mwaka 2015 ndiko chanjo mpya ilikojaribiwa kwa kuwachanja wale waliomzunguka mgonjwa. Walijua namna ya kutunza dawa ile katika baridi kali, namna ya kutafuta waliomgusa mgonjwa, na namna ya kuzungumza na jamaa yenye hofu. Walifanya kazi pamoja na wachanjaji wetu na kuwafundisha. Na ugonjwa ulipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti mwaka ule ule, Wakongo waliojifunza kazi hiyo walikuwa wamekwisha kupatikana. Waliyoyajua Waguinea yalitoka katika makaburi yao wenyewe, nao hawakutunyima.

Basi, tujifunze nini? Wengi wetu si magavana, wala hatuna injini za kuzima moto. Lakini kila mmoja ana jirani ng'ambo ya kijito, kijiji kingine, chini ya chifu mwingine. Siku ya mafuriko au ya moto tutaitana, hilo ni hakika. Je, twajua mtumbwi ni wa nani, na nani ataulipa ukivunjika? Twajua nani ataongoza wakikutana wakubwa wawili? Muuguzi wa kwao ataruhusiwa kufungua sanduku la dawa la kwetu? Haya si maswali ya kumvunja mtu moyo. Ni maswali ya mtu anayetaka kweli kusaidiwa na kusaidia.

Wazee husema: mgeni aje, mwenyeji apone. Ni kweli. Lakini wazimamoto wa Washington walikuja Baltimore, wakasimama na mipira mikavu mikononi. Na wenyeji wa Halifax walipona wengi, kwa kuwa wageni wao walikuwa wamejipanga kabla ya kuitwa. Tuitane basi siku ya amani, tukae chini ya mti, tupime kiungo chetu na chao, tuone kama vinaingiana.